Utafiti wa Ustawi wa Wanyama na Mitazamo ya Watu kwa Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Arusha na Moshi

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wafugaji, wenye punda, wanafunzi na wazazi ambao watafiti wamefika kwao na madaftari, kalamu na dodoso, kisha wakaondoka kabla ya kueleza vya kutosha walichokuwa wakitafuta. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeelezwa mahali pengine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Ustawi wa mnyama maana yake nini hasa?

Ni hali ya mnyama mwenyewe, ya mwili na ya akili, katika mazingira anamoishi na anamofia. Hivyo ndivyo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoundwa mwaka 1924, linavyoueleza. Ng'ombe anaweza kuwa na afya njema na maziwa tele, lakini akawa na ustawi duni kwa sababu kamba yake ni fupi mno kiasi kwamba hawezi kujigeuza wala kulala vizuri.

Watafiti wengi huanzia kwenye uhuru wa aina tano: uhuru dhidi ya njaa na kiu, dhidi ya mazingira yenye kero, dhidi ya maumivu, majeraha na maradhi, uhuru wa kuonyesha tabia za asili, na uhuru dhidi ya hofu na dhiki. Wazo hili lilitokana na ripoti ya kamati ya Profesa Brambell nchini Uingereza mwaka 1965, iliyoundwa baada ya umma kushtushwa na kitabu cha Ruth Harrison cha mwaka 1964 kuhusu ufugaji wa viwandani, na orodha yenyewe ilipata sura tunayoijua leo mwaka 1979. Kuanzia mwaka 1994 David Mellor wa New Zealand na wenzake waliipanua kwa kuuliza pia kama mnyama anapata lolote la kumfurahisha, kwa kuwa kutoteseka peke yake hakutoshi kuitwa maisha mazuri.

2. Je, hili ndilo watu wanaloliita haki za wanyama?

Hapana, ingawa yanagusana. Anayetetea haki za wanyama huuliza kama binadamu ana ruhusa ya kumtumia mnyama. Mtafiti wa ustawi huuliza mnyama huyo yuko katika hali gani maadamu anatumiwa, na ni kitu gani kingeiboresha. Mtu anaweza kuwa mchinjaji na bado akaujali ustawi kwa dhati.

3. Mnyama hasemi. Watafiti wanajuaje anachohisi, kama si kumpachika hisia za kibinadamu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ni swali la haki. Jibu fupi ni kwamba mnyama hupewa nafasi ya kuchagua, kisha uchaguzi wake huhesabiwa.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa sakafu za vizimba vya kuku. Kamati ya Brambell ilidhani kwamba waya mwembamba unawaumiza kuku miguu na ikapendekeza waya mnene zaidi. Mwaka 1973 Hughes na Black waliwaachia kuku wachague wenyewe, na kuku wakaupendelea ule mwembamba uliodhaniwa kuwa mbaya. Wataalamu wenye nia njema walikuwa wamekosea, na waliosahihisha kosa hilo ni kuku. Mwaka 2000 watafiti wengine walionyesha kwamba kuku wa nyama wanaochechemea, wakiwekewa chakula cha kawaida na kingine chenye dawa ya maumivu, hula zaidi kile chenye dawa kuliko wanavyokila kuku wazima, na kadiri kilema kinavyozidi ndivyo wanavyokila kwa wingi.

Njia nyingine ni kusoma uso. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walitoa kipimo cha maumivu kinachotazama macho, mashavu na masikio ya panya, na mwaka 2014 kikafuata cha farasi. Mwaka 2012, mjini Cambridge, kundi la wanasayansi wa ubongo lilitamka kwamba mamalia na ndege wote, pamoja na viumbe wengine kama pweza, wana viungo vya neva vinavyowezesha ufahamu. Mfugaji mzee wa Monduli anaweza kuona kwamba wamechelewa sana kulijua hilo. Hata hivyo, ushahidi uliopimwa una uzito wake mahali ambapo sheria na bajeti huamuliwa.

4. Sheria ya Tanzania inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayogusa matunzo, usafirishaji, uchinjaji na matumizi ya wanyama katika utafiti. Kumpiga, kumtwisha mzigo kupita kiasi au kumtelekeza mnyama si suala la tabia mbaya tu, bali ni kosa la kisheria. Kuhusu mahali pa kutoa taarifa, tazama swali la 16.

## Namna utafiti unavyofanyika

5. Mtafiti akija zizini anatazama nini?

Hutazama zaidi mnyama kuliko jengo. Kwa ng'ombe wa ndani katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Marangu, Kibosho au Uru, ataangalia unene wa mwili, usafi wa mapaja na kiwele, uvimbe wa magoti, urefu wa kwato, na kama ng'ombe anarudi nyuma unapomkaribia. Atauliza pia maji yanatoka wapi na ni nani anayeyabeba. Ng'ombe wa maziwa mwenye mahali pakavu hulala takriban saa 10 hadi 14 kwa siku, kwa hiyo zizi lenye matope linamnyima sehemu kubwa ya mapumziko yake hata kama majani na mabua ya migomba hayakosekani.

Kwa punda wa Ngaramtoni au Oldonyosambu, orodha inabadilika: vidonda vya mgongoni na mabegani vinavyotokana na matandiko au kamba, alama za fimbo, kuchechemea, na namna anavyopokea mkono wa mtu. Ipo miongozo iliyokwisha kujaribiwa kwa kazi hii, ukiwamo ule wa mradi wa Ulaya uitwao AWIN, uliotolewa kwa ajili ya punda mwaka 2015. Mwongozo huo unahitaji kupimwa upya katika mazingira yetu kabla ya kutumiwa, kwani uliandaliwa Ulaya, ambako ni punda wachache wanaobeba maji ya familia nzima kila siku.

6. Mitazamo ya watu hupimwaje?

Kwa kawaida mhojiwa husomewa sentensi kadhaa na kusema anakubali au anakataa kwa kiasi gani, kisha majibu hujumlishwa. Mojawapo ya vipimo vinavyotumika sana ni kile kilichotolewa Marekani mwaka 1991 na Harold Herzog na wenzake, chenye sentensi 20. Wapo pia wanaofanya mahojiano marefu, majadiliano ya vikundi, au wanaokaa kijijini na kuangalia mambo yanavyokwenda. Kwa maoni yangu njia hizi za polepole ndizo zinazofaa zaidi kwetu, ingawa ni ghali na huzaa majedwali machache.

7. Kwa nini baadhi ya maswali ya dodoso hayaeleweki, na mengine yanakera?

Mara nyingi ni kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya watu wengine. Katika vipimo vya Marekani utakuta sentensi kuhusu uwindaji wa starehe, wanyama walio katika bustani za maonyesho, na uchinjaji wa nyangumi na pomboo. Mama wa Old Moshi mwenye ng'ombe mmoja, mbuzi na kuku atajibu kwa adabu kuhusu nyangumi, na jibu lake litaingizwa kwenye kompyuta, lakini halitakuwa limesema lolote kuhusu namna anavyomtazama ng'ombe wake. Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan walionya kwamba elimu kubwa ya saikolojia imejengwa juu ya watu wa jamii chache tajiri za Magharibi, kisha ikatangazwa kuwa ni elimu ya binadamu wote. Onyo hilo linauhusu uwanja huu moja kwa moja.

Dodoso zuri la huku lingeuliza ni nani anayekata majani na anatembea umbali gani, ng'ombe akiugua usiku anaitwa nani, punda akizeeka anapelekwa wapi, na mbwa anakula nini siku ambayo makombo hayapo. Mtazamo wa mtu hujidhihirisha katika mambo ya namna hiyo.

8. Mtu akisema anampenda mnyama wake, mtafiti amwamini?

Amsikilize, kisha aende kumtazama mnyama. Duniani kote kuna pengo kati ya maneno na matendo. Mwaka 2016 uchunguzi wa Umoja wa Ulaya ulionyesha kwamba asilimia 94 ya wahojiwa waliona kulinda ustawi wa mifugo ni jambo muhimu, lakini bidhaa za wanyama waliotunzwa vizuri zaidi hazinunuliwi kwa kiwango kinachokaribia hapo. Aidha, mhojiwa humjibu mgeni kile anachodhani kinafaa kusikika, hasa mgeni akifika na gari la mradi na kuongozana na mtendaji wa kijiji.

Pengo hilo lina sababu nyingi, na mara nyingi si unafiki. Mwenye punda anaweza kukiona kidonda, akasikitika, na bado akamtwisha mzigo kesho yake kwa sababu ndoo za maji haziwezi kungoja wiki tatu. Mtafiti anayeandika hapo kwamba mwenye punda hajali ameandika uongo, hata kama amehesabu vidonda kwa usahihi.

## Wanyama wa huku kwetu

9. Kwa nini punda wanatiliwa mkazo kiasi hiki?

Kwa sababu hubeba mengi na kuonyesha kidogo. Punda haonyeshi maumivu waziwazi kama farasi, na kwa hiyo watu huamini kwamba haumii. Anayemfahamu hutazama masikio yaliyolegea, kichwa kilichoinama, au punda anayekula taratibu kuliko kawaida yake. Mzigo wake kwa kawaida huwa ni maji, kuni na mahindi, na katika maboma mengi wanaomtegemea zaidi ni akina mama. Punda mgonjwa humrudishia mama ndoo kichwani.

Yapo pia mambo ya nje. Mahitaji ya ngozi za punda kwa ajili ya dawa ya jadi ya Kichina iitwayo ejiao yalisababisha punda wengi wa Afrika kuibwa na kuchinjwa, na kwa kuwa jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, idadi yao haiwezi kufidiwa haraka. Mwezi Februari mwaka 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha marufuku ya uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo ulisaidiwa na ushahidi uliokusanywa vijijini kuhusu thamani ya punda kwa kaya, na hapa ndipo utafiti wa mitazamo na maisha ulipoonyesha faida yake bila ubishi.

10. Mbwa wanaozurura si wauawe tu, ili kichaa cha mbwa kiishe?

Hapana. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ndio wanaoathirika sana. Hofu ya wazazi ni ya haki kabisa. Lakini kuua mbwa hakujaumaliza ugonjwa huu: mbwa waliokwisha kuchanjwa hufa pamoja na wengine, watu huwaficha au kuwahamisha wa kwao, na nafasi zilizoachwa hujazwa na watoto wa mbwa ambao hawana chanjo. Kinachofanya kazi ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia.

Tafiti za miaka mingi nchini Tanzania, hasa za vijiji vinavyozunguka Serengeti, zimeonyesha jambo linalowashangaza wengi: mbwa wengi wanaoonekana barabarani bila kamba wana wenyewe, na wenyewe huwaleta kwenye chanjo ikitangazwa mapema, ikifanyika karibu na ikiwa bila malipo. Imethibitishwa pia kwamba aina mojawapo ya chanjo inayotumika hubaki na nguvu hata ikikaa kwenye nyuzijoto 30 kwa miezi mitatu, jambo lenye maana kubwa kwa kata isiyo na umeme wa uhakika. Basi, mtazamo kwamba watu wa huku hawajali mbwa haujaungwa mkono na foleni za chanjo. Watoto huwaburuta mbwa wao kwa kamba za katani kilomita kadhaa.

11. Kuku kubebwa vichwa chini ni tatizo?

Ndiyo. Mwaka 1996 Kannan na Mench walipima damu ya kuku wa nyama na kukuta kwamba waliobebwa kichwa chini walikuwa na homoni za msongo nyingi kuliko waliobebwa wima. Tenga au kikapu kisichojazwa kupita kiasi kinatosha, na muuzaji wa Mbuyuni au Kilombero hapotezi chochote kwa kulitumia, kwani kuku aliyevunjika bawa hushuka bei.

12. Mnyamapori akiua mifugo yangu, kwa nini niulizwe kama nampenda?

Swali hilo halipaswi kuulizwa namna hiyo, hasa mbele ya mtu ambaye jana amepoteza ndama. Utafiti wa uvumilivu, kama uliofanywa na Amy Dickman na wenzake katika maeneo ya Ruaha, umeonyesha kwamba idadi ya mifugo iliyoliwa haitoshi kueleza chuki au subira ya watu. Huchangia pia kama mtu ananufaika na uhifadhi, kama anaheshimiwa na wenye mamlaka, kama kifuta jasho hufika, na kama anaweza kufanya lolote kujikinga.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalotoa matumaini. Huko Simanjiro, mashariki ya Tarangire, wafugaji wameimarisha maboma kwa uzio hai, yaani miti iliyopandwa karibukaribu na kuzungushiwa waya, na simba na fisi wakakosa mahali pa kupenya usiku. Mfugaji anayelala bila wasiwasi hana sababu ya kwenda kulipiza kisasi, na simba naye anasalimika sumu na mkuki.

13. Je, kupiga chapa kwa moto kunaumiza kweli, au ngozi ya ng'ombe ni nene?

Kunaumiza. Vipimo vya homoni na tabia huonyesha maumivu wakati wa kuchomwa, na kidonda cha ndama kinaweza kuhitaji wiki nane au zaidi kupona. Hereni ya utambulisho, inayoweza kutumika badala ya chapa, hutoboa sikio mara moja na huumiza kwa muda mfupi zaidi. Haja ya kutambua mifugo, ambayo inajulikana vizuri na yeyote aliyewahi kuibiwa au kugombania ng'ombe kwenye mnada wa Meserani, inabaki palepale; kinachobadilika ni kifaa.

## Maswali magumu zaidi

14. Je, lengo la tafiti hizi ni kutufanya tuache nyama na mila zetu?

Wapo watafiti wasiokula nyama na wapo wanaokula, na takwimu haziwezi kumlazimisha mtu. Hata hivyo, kuna matokeo ambayo walaji nyama, nikiwamo mimi, tunapaswa kuyasikia. Mwaka 2010 Loughnan, Haslam na Bastian waliwapa baadhi ya watu nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na wengine korosho, kisha wakawauliza kuhusu ng'ombe. Waliokuwa wametafuna nyama walimwona ng'ombe kuwa hastahili sana kufikiriwa. Inaelekea tunampunguzia mnyama akili pale tunapotaka kumla, na mwelekeo huo wa nafsi ni vyema kuutambua kabla ya kupanga namna ya kumsafirisha na kumchinja.

Kuhusu mila, mbuzi wa ndafu anayetunzwa kihambani miezi mingi akilishwa kwa mkono huenda ameishi vizuri kuliko mamilioni ya wanyama wa viwandani. Swali la ustawi linamhusu katika saa zake za mwisho: amefungwa vipi, amesubiri wapi, kisu ni kikali kiasi gani, na kama ameona wenzake wakichinjwa. Wazee wengi, Wakristo na Waislamu, huyajibu maswali haya kwa uhakika kuliko mabwana wa miradi, kwa kuwa kuficha kisu na kukinoa vizuri ni mafundisho waliyoyapokea utotoni.

15. Ni kweli Wazungu wanapenda wanyama kuliko sisi?

Hakuna kipimo kinachoweza kutoa hukumu hiyo kwa haki, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 7 na la 8. Tukumbuke pia kwamba kizimba cha kuku wa mayai kilichokuwa halali Ulaya kilimpa kila kuku nafasi ya sentimita za mraba 550, ambayo ni pungufu ya karatasi moja ya A4, na kilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2012 tu. Katika nchi hizohizo mbwa hulala kitandani. Kila jamii ina wanyama iliowakaribisha ndani na wanyama iliowafungia nje ya macho, na kazi yenye maana kwa mtafiti ni kuonyesha mpaka huo umechorwa wapi na ni nani anayeteseka upande wa pili.

Hili halitupi sisi ruhusa ya kustarehe. Ng'ombe waliojazwa kwenye lori hadi wanakanyagana, na punda anayepigwa mlimani akiwa amekwisha kuanguka, ni mambo yanayotokea mbele ya macho yetu, na aibu yake haipungui kwa kuwa Ulaya nako kuna aibu yao.

16. Nimeona mnyama anateswa. Nimwambie mtafiti?

Mtafiti hana mamlaka ya kisheria. Anza na afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri. Kijijini unaweza kupitia kwa mwenyekiti au mtendaji. Eleza mahali, saa na ulichokiona.

17. Nikiombwa kuhojiwa, nina haki gani?

Una haki ya kujua ni nani anayefanya utafiti, kwa fedha za nani na kwa lengo gani. Haki ya kukataa, na ya kuacha katikati bila kueleza sababu. Na haki ya jina lako kufichwa. Omba kuona kibali. Kwa wanyamapori, vibali hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), yenye makao makuu hapa Arusha, na watafiti wa kigeni huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Omba pia matokeo yarudishwe kijijini kwa lugha inayoeleweka, na usione haya kulidai hilo, kwani muda uliotumia kujibu ni mchango wako katika kazi hiyo.

18. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, chuo cha mifugo cha Tengeru au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Nianze wapi?

Anza na mnyama mmoja na swali dogo. Kwa mfano: je, kuweka gunia lililokunjwa chini ya matandiko kunapunguza vidonda vya punda katika miezi mitatu, na je, wenye punda wanaendelea kulitumia wewe ukishaondoka? Swali la namna hiyo linapima hali ya mnyama na mwenendo wa mtu kwa pamoja. Pata kibali cha kamati ya maadili ya chuo, na kama utamgusa mnyama zaidi ya kumtazama, soma kwanza kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959: kutotumia mnyama pale njia nyingine ipo, kutumia wachache iwezekanavyo, na kupunguza maumivu.

Jaribu dodoso lako kwa watu watano kabla ya kulipeleka kwa mamia, ukimwomba kila mmoja akueleze kwa maneno yake ulichomuuliza. Ukiwa maeneo ya Wamaasai, tafuta mkalimani mwanamke kwa mahojiano ya akina mama, kwa kuwa mambo ya punda na ndama wao ndio wanaoyajua. Fika asubuhi punda wanapofungwa mizigo, si mchana walipokwisha kupumzika, la sivyo utapima hali ambayo si ya kazi yao.